Hariri Iliyo Chini ya Manyoya

Ufukweni, Ziwa Conn, Mayo
12 Oktoba 1971

Mdogo wangu Attracta,

Nakusalimu wewe, mumeo Stanley na binti yenu Imelda. Mimi sijambo. Viazi vimechimbwa vyote kabla ya mvua, mboji ya kuwashia moto imepangwa chini ya paa, na yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Padri mpya anahubiri dakika arobaini kila Jumapili. Hakuna aliyethubutu kumwonyesha saa.

Msimu wa kuvua samaki wa trauti umefungwa juzi. Ulikuwa msimu mbaya, wa pili mfululizo. Wenye mashua wanasema ziwa limechoka. Mimi nasema upepo ulikaa kaskazini muda mrefu mno, na samaki hawapandi juu upepo ukiwa kaskazini. Hata hivyo wote ishirini na wawili wameagiza nzi wa Mei ijayo, wale wa bandia tunaowafunga kwa hariri na manyoya juu ya ndoana, watatu kwa kila mashua, kama walivyokuwa wakiagiza kwa baba. Nimekwisha kukaza jiliwa la kushikia ndoana mezani, dirishani pale pale alipokuwa akikaa yeye, na manyoya ya sili nimeyatia rangi mwenyewe.

Katika barua yako ya Agosti ulijitolea kunisaidia kufunga nusu yao. Nakushukuru, lakini jibu ni hapana. Ulijifunza kwa kuchungulia begani kwa baba, na sikatai kwamba vidole vyako ni vyepesi. Lakini unakumbuka alivyosema: nzi wa ziwa hili hufungwa na mtu anayeyaona maji yake. Leeds hakuna ziwa. Kuna moshi.

Nimestaafu ualimu miaka tisa sasa, na kazi hii ndiyo inayoniamsha asubuhi. Usiniondolee.

Kaka yako,
Colman


Leeds
2 Novemba 1971

Kaka Colman,

Shikamoo nyingi kutoka kwetu sote. Stanley ana kikohozi chake cha kila mwaka na anakataa dawa yake ya kila mwaka. Imelda amefaulu hesabu na anajigamba kama tausi. Mimi bado niko pale kiwandani, kwenye meza ya ukaguzi wa nyuzi: nalinganisha uzi na kitambaa cha suti kutwa nzima, na msimamizi ananiita Macho. "Haya, Macho, huu ni mweusi au ni buluu?" Mimi najibu, "Ni buluu, na wewe ulikwisha kujua, ila unapenda kusikia ninavyoongea kwa lafudhi yangu ya Kiayalandi."

Basi nisikusumbue na nzi wa Mei. Umesema hapana, nami nimesikia. Ila nina ombi dogo. Stanley ameanza kupenda kuvua kwenye mto mmoja huku Yorkshire. Nitumie nzi kumi na wawili: sita wa kahawia ya moto, na sita wa zeituni ya dhahabu. Wawe wa mwaka huu, uliowafunga kwa mkono wako.

Kaka, herufi zako zimekua. Barua yako ya Krismasi iliyopita ilikuwa kurasa mbili, na hii yenye maneno machache kuliko ile imejaza nne. Ni kalamu mpya?

Wako,
Attracta


Ufukweni
28 Novemba 1971

Mdogo wangu,

Salamu kwenu, na mwambie Stanley kwamba kikohozi hakitibiwi kwa ubishi. Huku kumeganda. Ndama anaendelea vizuri. Mzee Devaney wa ng'ambo amepaka mlango wake rangi, na kijiji kizima kinajadili rangi hiyo kana kwamba amebadili dini.

Ndiyo, ni kalamu mpya.

Nzi kumi na wawili wamo katika kibati hiki cha tumbaku. Wa kahawia nimewafunga juma lililopita, wa zeituni jana. Utaona kwamba vichwa ni vidogo na mabawa yamelala sawasawa. Festus Moyles, ambaye mashua yake ndiyo ya kwanza kutoka kila mwaka, alipita hapa kuwatazama. Alimshika mmoja kwa muda mrefu.

Nikamwuliza, "Vipi, ana kasoro?"

"Kasoro gani, Mwalimu? Huyu ni mzuri kupita kiasi. Mtu ataona haya kumtia majini."

"Basi usimtie majini, mle nyumbani kwa chai."

Akacheka, akabadili mazungumzo, akaanza habari za bei ya kondoo. Festus nilimfundisha kusoma akiwa na miaka saba, na hadi leo hawezi kusifu kitu bila kutafuta mlango wa kutokea.

Nimefurahi kwamba Stanley anavua. Sikujua.

Colman


Leeds
15 Desemba 1971

Kaka yangu,

Heri ya Krismasi. Keki ya matunda imo katika kifurushi, imefungwa kwa shuka la zamani. Imelda ndiye aliyeikoroga, kwa hiyo ukikuta sarafu ndani usishangae, na ukikuta kifungo cha koti usishangae pia.

Nzi wamefika salama. Vichwa ni vidogo kweli, na mabawa yamelala. Asante.

Nina maswali mawili matatu ya upuuzi, maana nimekuwa nikiwaza habari za nyumbani. Siku hizi nzi wa kahawia unamfunga kwa hariri ya rangi gani? Vile vikadi vya baba vya kuzungushia hariri bado havina maandishi? Na ule mlango wa Devaney, ameupaka rangi gani hasa? Ukikaa dirishani, unauona kutoka hapo?

Nijibu ukipata nafasi. Stanley anakusalimu. Kikohozi kinakusalimu.

Attracta


Ufukweni
9 Januari 1972

Attracta,

Keki ilikuwa nzuri. Sarafu nimeiona. Kifungo pia.

Maswali yako yanafanana na ya padri kitubioni, na mimi sikuja kutubu. Nzi wa kahawia hufungwa kwa hariri ya rangi ya chungwa. Amefungwa hivyo tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na sababu unaijua: manyoya ya sili husokotwa juu ya uzi kwa uchache sana, na yakilowa huwa kama kioo, na hariri iliyo chini ndiyo inayowaka. Samaki haoni manyoya, anaona moto ulio ndani yake. Vikadi havina maandishi kwa sababu baba alisema anayehitaji kusoma rangi aache kazi hii. Sikuvitia maandishi, wala sitavitia.

Nyumba ya Devaney iko mbali, na majira haya kuna ukungu.

Kama Stanley hakupenda nzi wangu, na aseme. Mimi si mtu wa kuzungukwa.

Colman


Leeds
20 Januari 1972

Kaka,

Sote wazima. Leo sitaandika habari nyingine za nyumbani.

Stanley havui. Hajawahi kuvua. Hata kula samaki hali, anasema wanamtazama. Nilikudanganya, na ninakuomba radhi kwa uongo huo tu. Kwa haya yanayofuata siombi radhi.

Wale nzi walipofika niliwatia mmoja mmoja katika bilauri ya maji, dirishani, mchana. Baba alikuwa akifanya hivyo hivyo kabla hajamkabidhi mtu nzi, unakumbuka. Hakuna nzi aliyetoka nyumbani kwetu bila kupita kwenye bilauri. Wakavu walikuwa wazuri, Kaka, wazuri kuliko wa baba. Walipolowa, wa kahawia wote sita walikufa. Walikuwa kama majani ya chai yaliyobaki kikombeni. Nikachukua wembe, nikamkata mmoja mpaka kwenye ndoana. Hariri ya chini ni kijani kibichi. Nikamkata wa pili, ni kijani. Wa tatu ni kijani. Wa zeituni, wanne wana njano kama inavyotakiwa, na wawili wana zambarau.

Hukukosea kwa mkono. Mkono wako ni imara. Una mtoto wa jicho, na nadhani yuko macho yote mawili, na nadhani umekwisha kujua, maana umeacha kupima nzi kwenye bilauri. Mtu anayeona hasahau bilauri.

Ziwa halikuchoka, wala upepo si wa kulaumiwa. Misimu miwili watu ishirini na wawili wamepiga makasia kutwa wakirusha nzi waliokufa. Mei hii watatoka tena. Kuna watu wanakuja kutoka mbali kukodi mashua zile, na wasipopata samaki mwaka wa tatu hawatarudi, na Festus na wenzake watakwenda kuchimba barabara huku Uingereza kama wengine.

Mama wa rafiki yangu kiwandani alitolewa mtoto wa jicho mwaka jana. Alilala hospitali siku kumi na mbili, akarudi akilalamika kwamba sasa anaona vumbi.

Nenda Dublin, Kaka. Nenda kabla ya Mei.

Attracta


Leeds
27 Februari 1972

Kaka Colman,

Ni wiki tano. Natazama kisanduku cha barua kila asubuhi mpaka tarishi ameanza kunionea huruma. "Leo pia hakuna, mama," anasema kabla sijafungua mlango.

Kama umekasirika, andika umekasirika. Kama ni kunitukana, nitukane kwa kalamu. Ukurasa mmoja unatosha. Nikikosa jibu hadi katikati ya Machi nitapanda meli, na unajua jinsi bahari inavyonitapisha. Basi ujue nitafika nikiwa na hasira na tumbo tupu.

Attracta


Hospitali ya macho, Dublin
19 Machi 1972

Mdogo wangu Attracta,

Barua hii inaandikwa na mtawa mmoja wa wodi hii kwa maneno ninayomtamkia, kwa sababu jicho langu la kulia limefungwa na la kushoto halina kazi. Nimemwomba aandike ninayosema bila kupunguza makali.

Usipande meli.

Barua yako ya Januari niliisoma kwa siku tatu, kwa kioo cha kukuzia. Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya pili nilitafuta bilauri. Nikalowesha nzi, nikamwinua dirishani, nikaona kitu chenye rangi ya tope. Nikamlowesha mwingine, nikaona tope. Nikamtoa kwenye sanduku nzi wa mwisho wa baba, yule wa kahawia tunayemtunza kama kielelezo. Nikamlowesha naye. Nikaona tope.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kama wangu tu wangekuwa tope, ningesema nimekosea hariri. Lakini baba hakukosea kamwe.

Bado nilikuwa mkaidi. Siku ya tatu nilikwenda dukani kwa mama Hegarty, nikamwomba kibiringo kimoja cha hariri ya chungwa. Akanipa, akasema, "Hiyo hapo, Mwalimu, inang'aa kama ndimi za moto." Niliishika mkononi njia nzima hadi nyumbani. Nikaiweka mezani kati ya zile nyingine, nikageuka kuweka birika motoni. Niliporudi sikuweza kuijua. Nilikaa mbele ya meza ile hadi birika likakauka.

Baada ya hapo sikuwa na la kukuandikia. Nilifundisha miaka thelathini na minane, na kila siku niliwaambia watoto kwamba kutojua si aibu, aibu ni kujifanya unajua. Sikutaka kuyaandika hayo kwako, kwa kuwa ungeyasoma.

Mtoto wa jicho la kulia wamemtoa Jumanne. Wa la kushoto watamtoa mwakani.

Colman

Mimi ninayeandika naongeza, bila ruhusa yake: mgonjwa huyu amesahihisha nukta zangu akiwa amefumba macho. Anaendelea vizuri sana, na anauliza kila siku kama kuna barua kutoka Leeds.


Leeds
25 Machi 1972

Kaka yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, na tarishi akasubiri nimalize. Nikamwambia, "Ametolewa." Akasema, "Jela?" Nikacheka mpaka nikalia.

Sitasema neno zaidi. Pona. Kula wanachokupa. Usiwasahihishe watawa.

Attracta


Ufukweni
3 Mei 1972

Mdogo wangu Attracta,

Nakusalimu wewe, Stanley na Imelda. Nimerudi nyumbani wiki tatu zilizopita. Ndama amekua, mboji imebaki kidogo, na mlango wa Devaney ni wa rangi ya waridi. Nilipouona nilisimama barabarani. Kijiji kilikuwa na haki ya kuujadili.

Nimepewa miwani minene kama vitako vya chupa. Nitakueleza jambo moja ambalo ni vigumu kuliamini. Nimekaa dirishani nikiwa na vikadi vya hariri mbele yangu. Nikilifumba jicho la kulia, nikatazama kwa lile la kushoto, naona kahawia, kahawia, kahawia, nyeusi. Nikilifumba la kushoto nikatazama kwa la kulia, ni chungwa, kijani, damu ya mzee, zambarau. Meza ni ile ile na mtu ni yule yule. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Nzi wote niliofunga majira ya baridi nimewakata kwa wembe. Walikuwa sitini na sita. Waliokuwa sahihi ni kumi na tisa, na hao nao nilibahatisha.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda gatini kuwaambia wenye mashua kwamba mwaka huu wasinitegemee. Nilikuwa nimeipanga hotuba. Walikuwa wamekaa ukutani wakivuta tumbaku, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili niliona nyuso zao zote, na kofia zao zote. Attracta, kila kofia ilikuwa na nzi wangu. Festus alikuwa na watano wamezunguka ukingo kama taji. Nilisogea karibu. Ndoana ziling'aa, hazina kutu. Manyoya hayakuwa na alama ya jino. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulowa.

Nikamwuliza, "Festus, umekuwa ukivulia nini?"

Akatazama viatu vyake. "Wa marehemu baba yako, Mwalimu. Tulikuwa tumebaki nao wachache. Tulikuwa tunagawana."

"Wachache kwa mashua ishirini na mbili?"

"Ndiyo maana ziwa likachoka," akasema mtu wa nyuma, na wote wakacheka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wa kwanza tulimlowesha, tukaona kijani palipotakiwa chungwa. Ulinifundisha a, e, i, o, u. Nije nikuambie huijui kijani?"

Nikamwamuru awatoe kofiani, awatupe. Akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Hawa hawatoki," akasema. "Hawa ni wangu, nimewavaa harusini kwa binti yangu. Wa ziwani nipe wengine."

Hotuba sikuitoa.

Sasa sikiliza. Rangi naziona, lakini miwani hii inasogeza vitu. Nikiinyoshea ndoana mkono, nashika hewa. Daktari anasema nitazoea baada ya miezi mitatu au minne. Wadudu wa Mei, wale ambao nzi wetu huwaiga, watapanda juu ya maji baada ya wiki mbili, na mashua ishirini na mbili hazina nzi.

Baba alisema nzi wa ziwa hili hufungwa na mtu anayeyaona maji yake. Nimelitafakari neno hilo. Nadhani alikusudia mtu anayewalowesha. Na kama hakukusudia hivyo, basi alikosea, nami nalisema nikiwa na akili zangu timamu. Ndani ya kifurushi hiki kuna ndoana, manyoya ya sili, ngozi mbili za shingo ya jogoo zenye manyoya yake, na vikadi vya hariri. Nimeviandika majina yote, kila kikadi, kwa wino.

Leo asubuhi nilipomwambia Festus kwamba nzi watatoka Leeds, kwa dada yangu, alikunja uso.

"Ni fundi huyo, Mwalimu? Au ni ndugu tu?"

Nikamweleza ulivyofanya na bilauri, na wembe, na ulivyoniandikia baada ya hapo.

Akaivaa kofia yake, akasema, "Huyo huyo. Nenda kamwandikie sasa hivi, kabla gari la posta halijapita."

Nimekuandikia.

Kaka yako,
Colman